Mmarekani Aliyepewa Msemaji Katuba

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi jirani ananiuliza kupitia ukuta, "Mama, kuko nini?" Ni siku ya mvua ya mwezi wa tatu, hapa hapa Katuba, Lubumbashi, ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba ya baba yangu, siku ambayo Mmarekani alisimama katikati ya mahari yangu akasema maneno ambayo hakutumwa na mtu kuyasema. Keti nikuhadithie. Jana wewe, mtoto wa ndugu yangu, ulikuja kuniambia kwamba umepata kazi ya kufundisha Kifaransa katika chuo kikuu cha ng'ambo, umeshakata tikiti, na hutaki kelele za ukoo, utaaga watu kwa simu ukishafika uwanja wa ndege. Nilinyamaza. Ulidhani nimekubali. Sikukubali hata kidogo, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Huyo Mmarekani unamjua. Ni mzee Glen, mume wangu, yule pale barazani aliyeweka kofia usoni na kujifanya amelala. Watu wa avenyu yetu wanamwita Mumarekani wa Japani, kwa sababu aliingia Katuba akitokea Japani, akainamia kila mtu kama Wajapani wanavyoinama, hata muuza makaa. Wewe umemkuta mzee mpole. Mimi nilimkuta kijana mrefu mwenye mdomo usiojua kufungwa.

Alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika chuo kikuu cha mji mmoja wa kaskazini mwa Japani, mji ambao theluji yake inazika baiskeli hadi unaona usukani tu. Mimi nilikuwa nimekwenda huko kwa masomo, na chuo kikanipa pia vipindi vya Kifaransa. Walimu wageni tulikuwa na chumba chetu, na meza yangu ilipakana na ya Glen. Ndivyo tulivyojuana: yeye akisema, mimi nikisahihisha karatasi. Alisema juu ya chai, juu ya theluji, juu ya mama yake huko Amerika, na mimi nikiitikia "mm" bila kuinua kichwa. Siku moja nikainua kichwa, basi, yakaanza mengine ambayo hayakuhusu.

Sasa sikiliza shida yake. Wanafunzi wake walikuwa hawasemi. Kule kengele ikilia wanafunzi wanaingia kwa adabu, wanajaza viti vya nyuma kwanza, wanafungua madaftari, wanatulia. Glen anauliza, "Maoni yenu ni nini?" Kimya. Anamnyooshea mmoja kidole, "Wewe, unaonaje?" Mtoto wa watu anatazama meza, anamtazama jirani yake, masikio yanakuwa mekundu. Kimya. Na Glen, aliyetoka nchi ambako mtoto ananyoosha mkono kabla swali halijaisha, kimya kilikuwa kinamuwasha mwilini. Basi anajibu yeye mwenyewe. Anauliza tena, anajibu tena. Saa ikiisha, Kiingereza chote kilichosemwa mle ndani ni chake, na sauti imemkauka.

Anarudi mezani, anamimina chai, ananiambia, "Hawanipendi." Namwambia, "Wanakupenda. Mbona wanakuja wote?" Anasema, "Basi hawajui kitu." Namwambia, "Karatasi zao nimeziona, wanaandika vizuri kuliko wewe." Lakini kwa nini hawasemi, hata mimi sikuwa na jibu. Wangu wa Kifaransa walikuwa wachache, wenye kupenda lugha, nao walisema kidogo kidogo.

Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Majira ya baridi yalipokaribia kwisha, mkuu wa idara, mzee mpole mwenye miwani mizito, akamwita na kumwambia kwa tabasamu: "Mwaka mpya wa masomo unaanza mwezi wa nne. Walimu wenzako watakuja kukaa nyuma ya darasa lako. Tutafurahi sana tukisikia sauti za wanafunzi." Glen akarudi anapiga mluzi. Ati amesifiwa! Mimi mtoto wa Katuba nilielewa palepale. Wakubwa wa kila nchi wanajua kukuonyesha mlango huku wanakukaribisha. Nikamwambia, "Glen, darasa hilo likinyamaza, umefukuzwa." Akakaa chini.

Na ujue maana yake, mwanangu. Bila kazi hana karatasi za kuishi kule. Bila karatasi anarudi Amerika, mimi nabaki Japani na masomo yangu ambayo hayajaisha, na bahari nzima katikati yetu. Tulikuwa tumeshakubaliana kuoana. Tikiti za kuja Lubumbashi wakati wa likizo zilikuwa zimeshanunuliwa. Darasa lile moja ndilo lilikuwa limeshika maisha yetu, nami nililijua hilo usiku na mchana.

Tukaja hivyo hivyo, na roho mkononi.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mashinisti, dereva wa treni ya kwenda Sakania, Mkatoliki wa kutoka kaskazini mwa Katanga, mtu wa maneno machache. Nilipomwambia kwamba nimeleta mchumba Mmarekani, hakuuliza rangi wala dini. Aliuliza jambo moja, watu wake wako wapi: "Bantu yake beko wapi?" Nikamwambia mama yake ni mgonjwa, baba alikufa, ndugu hawawezi kusafiri. Akatikisa kichwa. "Muntu hana bantu, nitaongea na nani?"

Papa Mbuyi ndiye aliyetuokoa. Alikuwa jirani yetu, Mkasai, muuza vikwembe, vitenge vya kina mama, mtu mnene mwenye mdomo mtamu hata ukienda kununua kimoja unatoka na vitatu. Alisikia habari zetu kupitia ukuta huo huo unaouona leo, akaja anapiga kifua: "Huyu mutoto iko wangu! Mimi njo baba yake!" Akakusanya mke wake, wadogo zake, na waimbaji kadhaa wa kwaya ya parokia, wakawa ukoo wa Glen. Akamketisha kijana akamfundisha: "Kwa bukwe, pale pa kuongea mahari, kazi yako ni kukaa. Unasikia? Kukaa tu, mikono juu ya magoti. Mudomo ni mimi." Glen akainama, akasema amesikia. Uongo mtupu.

Siku ikafika na mvua yake. Wageni wakavua viatu mlangoni, vyote tope, vimetupwa ovyo kama unavyojua. Viatu vya Glen peke yake vilikaa sawasawa, pua zikitazama nje, jinsi Wajapani wanavyoviweka, na shangazi zangu walipoviona wakaulizana kama mkwe anajitayarisha kukimbia. Mimi nilikuwa chumba cha ndani pamoja na Tantine Filomena, dada ya baba, tumefungua mlango kidogo tu, jicho lake juu, langu chini.

Msemaji wa upande wetu alikuwa Baba Mukubwa Ngoie, kaka ya baba. Mzee mwembamba, kofia haitoki kichwani, aliyesemea harusi nyingi kuliko padri wetu. Akakohoa, akaanza kama wanavyoanza:

"Wageni, tunabaona. Mvua hii yote, munatafuta nini? Mulipotea njia?"

"Hatukupotea, bakwe," Papa Mbuyi akajibu. "Tulipita pa lupango yenu, tukaona ua. Tukasema, ua hii haiwezi kuota bila mwenyewe. Tukakuja kuuliza."

Mambo yakaenda vizuri, maneno yanarushwa, yanadakwa, watu wanacheka. Kisha Papa Mbuyi, utamu ukamzidi. "Na mutoto yetu si muntu wa hivi hivi! Iko profesere mukubwa kule Japani. Akifungua mudomo tu, batoto bote banasema Kingereza kama mayi ya mufereji!"

Kila mtu mle ndani alijua kwamba hiyo ni chumvi. Chumvi ya mahari haidanganyi mtu, ni adabu tu, kama vile mama anavyosema chakula ni kidogo na sahani imejaa. Lakini Glen nilikuwa nimemfundisha Kiswahili majira yote ya baridi, na mwanafunzi huyu alikuwa amesoma. Alielewa. Nikamwona masikio yanakuwa mekundu, kama ya wanafunzi wake. Nikasema moyoni, kaa, Glen, kaa, nakuomba kaa. Akasimama.

"Samahani," akasema. "Si kweli. Mimi si profesa mkubwa. Wanafunzi wangu hawasemi. Hata mmoja. Labda nitafukuzwa kazi."

Papa Mbuyi mdomo wazi, hana neno, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Katuba kumwona hivyo. Tantine Filomena akanishika mkono akaniumiza. "Yesu Maria! Mwanaume yako iko na wazimu?" Nilijua kwa nini amesema: hakutaka kumpokea binti wa mtu kwa maneno yasiyo kweli. Nilimpenda kwa hilo, na wakati huo huo ningeweza kumpiga na mwiko. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, na huyu alikuwa amejikwaa ulimi mbele ya ukoo mzima, tena kwa kumkana baba aliyepewa juzi.

Baba Mukubwa Ngoie akavua kofia. Hiyo peke yake ilikuwa habari. Akasema, "Tunatoka," na upande wetu wote wakainuka wakaenda kusimama chini ya baraza ya jirani, mvua ikiwarukia miguuni, kusikilizana. Wakakawia. Niliona midomo inakwenda, mikono inakwenda, baba yangu katikati akitazama chini. Waliporudi, Baba Mukubwa hakukaa.

"Kijana," akamwambia Glen, "ile kweli yako tumeisikia. Kweli iko muzuri. Lakini umeileta uchi, umeipitisha juu ya kichwa ya baba yako. Neno ya muntu moja, siye hatujue tuiweke wapi. Kesho akikataa, tutamuuliza nani? Toka na bantu yako. Ubaambie bote, kila kitu. Halafu baba yako atarudi kutuambia."

Glen akatoka na watu wake. Nilidhani Papa Mbuyi atamwacha palepale na kwenda zake, na ningekuwa mimi ningekwenda. Lakini niliwaona kupitia dirisha, wamemzunguka chini ya mwavuli mmoja uliovunjika, mama wa kwaya amemshika bega, na yeye anaeleza, anaeleza, mikono inaruka. Papa Mbuyi aliporudi alikuwa amelowa hadi mgongoni, na sauti yake ilikuwa nyingine.

"Bakwe, tulisema profesere mukubwa. Hiyo neno tunairudisha. Mutoto yetu iko mwalimu. Kazi yake inatikisika, batoto yake habaseme. Lakini ikianguka, siye bantu yake tuko hapa. Bibi yake hatalala na njaa, na yeye hatalala inje."

Umesikia, mwanangu? Kweli ni ile ile. Lakini ya kwanza ilimwogopesha kila mtu, na hii ya pili ilimfanya baba yangu ainue kichwa. Aliyekuwa hana watu alikuwa amepata watu, na watu wamesimama nyuma ya neno lake hata lilipokuwa baya. Baba akamtazama Baba Mukubwa, akaitikia kwa macho. Upande wetu ukatoza faini: jogoo mmoja, kwa ajili ya mdomo ulioruka ukuta. Kisha nikaitwa, nikaulizwa kama tupokee walicholeta, nikasema tupokee, na Tantine Filomena akapiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakajibu.

Hapo unadhani umeona mwisho. Bado.

Tulipokuwa tunakula, Baba Mukubwa Ngoie akakunja tonge la bukari, ugali wetu, akalichovya katika sombe ya majani ya muhogo, akamgeukia mkwe wake mpya. "Eh, mukwe. Bale batoto yako ya Japani. Ukibauliza neno, unabaacha batoke kwanza?"

"Watoke wapi, Baba Mukubwa?"

"Inje! Basikilizane."

"Hapana. Namnyooshea mmoja kidole, anajibu."

Mzee akarudisha tonge kwenye sahani. "Moja? Mbele ya bote? Bila bantu yake?"

"Ndiyo."

Baba Mukubwa akamgeukia baba yangu. "Ndugu, hata mimi ningenyamaza!"

Nyumba nzima ikacheka, baba yangu naye, ambaye meno yake yalionekana Pasaka kwa Pasaka. Glen hakucheka. Mkono wake ulibaki juu ya sahani, anamtazama yule mzee kama mtu aliyetafuta miwani mwaka mzima akaambiwa iko kichwani. Usiku ule hakusema neno hata moja. Niliogopa kwamba anaumwa.

Tukarudi Japani, mwezi wa nne ukaingia na maua yake, na siku ya darasa ikafika. Nami nilialikwa, nikakaa nyuma kando ya dirisha, pamoja na mkuu wa idara na maprofesa waliokuja na kalamu zao. Wanafunzi wakaingia, wakajaza viti vya nyuma kama kawaida hadi maprofesa wakakosa pa kuweka magoti. Glen akaandika swali moja ubaoni: je, ni vema mtoto aliyekua aondoke kwao kwenda kuishi mji mkubwa, au abaki karibu na wazazi? Akawagawa kwa makundi. Akasema, "Tokeni nje, msikilizane. Kila kundi lirudi na mtu mmoja wa kulisemea."

Hakuna aliyeinuka. Nikasikia kalamu ya profesa mmoja inaandika. Glen akaenda akafungua mlango, akainama, akabaki ameinama. Ndipo akainuka mmoja, wakafuata wawili, wakatoka wote.

Basi fikiria. Mkuu wa idara na maprofesa wake wamekuja kusikiliza darasa, na darasa ni viti vitupu! Glen akavuta kiti mbele ya ubao, akakaa, mikono juu ya magoti, kama Papa Mbuyi alivyomfundisha. Hakusema kitu. Yeye! Mkuu akatazama saa yake. Nje kimya. Mimi nilikuwa nimeshika rozari ndani ya mfuko wa koti, na nilikuwa nimeshaanza kumwona Glen uwanja wa ndege na sanduku lake.

Halafu ukaja mnong'ono. Halafu sauti. Halafu mtu akacheka, mwingine akabisha, mwingine akambishia aliyebisha, na korido ikawa kama soko letu la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, siku ya Jumamosi. Mwalimu wa darasa la jirani alifungua mlango kuchungulia ni nini kimetokea. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mwanangu. Watu wale walikuwa wamejaa maneno muda wote, hawakuwa na pa kuyashushia.

Walirudi. Wa kwanza kusimama alikuwa msichana mdogo aliyejificha mwaka mzima uliopita nyuma ya nywele zake, ambaye sauti yake Glen alikuwa hajapata kuisikia. Akasema kwa Kiingereza, "Sisi tumezungumza. Sisi tunaona mtoto aende." Akakwama. Mwenzake nyuma akamnong'oneza neno, akaendelea: "Lakini arudi mara nyingi, kwa sababu mama atasema hana shida, na mama atakuwa anadanganya." Watu wakacheka. Kundi la pili likamrukia, la tatu likalirukia la pili, na kengele ilipolia walikuwa bado wamesimama. Siku hiyo Glen alisema kidogo kuliko mlango.

Mkuu wa idara akaja mbele. Akauliza, kwa upole wake ule ule, "Na wale waliotuma mwenzao, wenyewe hawatajificha?" Glen akajibu, "Leo ni mdomo wa huyu. Juma lijalo ni wa mwingine. Hakuna atakayebaki bila kutumwa." Mzee akafikiri. "Njia hii umeisoma katika kitabu gani?" Glen akasema, "Hakuna kitabu. Ni ya mkwe wangu, mzee Ngoie wa Katuba, Lubumbashi, Kongo. Mke wangu ni wa kwao." Na akanionyesha kwa mkono wote.

Mkuu wa idara akanigeukia mimi, akainama, kichwa kikashuka chini sana. Mimi binti wa mashinisti wa treni ya Sakania nikainama pia. Lakini si chini sana. Nilikuwa nimejaa fahari, mwanangu, shingo ilikataa. Walisema wahenga, mwacha mila ni mtumwa, na mimi siku ile nilikuwa mtu huru kuliko watu wote wa kaskazini mwa Japani.

Mkataba ukaandikwa, na ukaandikwa tena mwaka hadi mwaka, na tukabaki kule hadi nywele zetu zikafanana na theluji yao. Baba Mukubwa Ngoie aliposikia habari hizo alisema tu, "Jogoo yangu haikupotea bure."

Kule, mwalimu anayestaafu anafundisha somo la mwisho katika ukumbi mkubwa, na wanafunzi wake wa zamani wanarudi kumsikiliza. Glen alifundisha lake. Alipomaliza, badala ya kupiga makofi, watu wakainuka wakaenda mlangoni. Ukumbi mzima! Walimu vijana wakashangaa, wakadhani wamekasirika. Mimi nilisikia korido imechangamka nikaanza kulia kabla sijaambiwa kitu.

Waliporudi, aliyetumwa alikuwa yule yule msichana aliyejificha nyuma ya nywele, sasa mama wa watoto, mwenyewe mwalimu wa Kiingereza. Hakukwama. "Mwalimu," akasema, "tumetoka, tumesikilizana. Neno letu ni moja. Katika darasa lako hakuna aliyeachwa asimame peke yake. Tunakushukuru."

Wote wakamgeukia Glen, wakingoja ajibu. Mtu ambaye maneno hayakuwahi kumchosha! Alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, machozi yanamtiririka hadi kwenye tai. Kisha akaninyooshea mkono. "Msemaji wangu," akasema, "ni huyu."

Nikasimama. Nikaanza na Kiswahili, kama inavyotakiwa: "Bakwe, tumewasikia." Kisha nikawaambia kwa Kijapani habari ya mvua, na ya Papa Mbuyi, na ya mzee aliyerudisha tonge kwenye sahani. Nikawaambia pia juu ya jogoo. Sijawahi kusema vizuri hivyo kabla wala baada.

Basi mwanangu, neno langu kwako ni hili. Unakwenda kufundisha watu usiowajua. Ukimkuta mtu amenyamaza, usiseme ni mtupu, na usimjibie. Muulize watu wake ni nani, mpe mlango atoke, umngoje. Kungoja ni kazi, itakuchosha kuliko kusema, lakini ngoja. Ukiwa na kweli chungu usiitupe uchi katikati ya watu; itafutie kwanza wa kusimama nayo. Na wakikuuliza njia zako umezitoa wapi, usitaje vitabu kwa kuona haya. Taja Katuba. Taja baba yako. Fahari si kosa ikiwa ni ya kweli.

Na wewe mwenyewe usitoke hapa kama mtu hana bantu. Penye wazee haliharibiki neno. Kesho kutwa rudi hapa na baba yako mdogo. Utakaa, mikono juu ya magoti, naye atatuambia, "Mutoto yetu anasafiri." Sisi tutajifanya hatujui, tutauliza kama mmepotea njia. Na kwa kutaka kuruka ukuta, faini yako ni jogoo. Asiwe mwembamba.

Ngoja kidogo, naenda barazani.

Haya. Nimesikilizana na mzee Glen. Kofia haikutoka usoni, lakini amesema, na nimesema pia kwa niaba ya baba yangu, na ya Papa Mbuyi, na ya Baba Mukubwa Ngoie, ambao sasa wanasikilizana mahali pengine. Neno letu ni moja. Mungu akutangulie njiani na akungoje mlangoni. Vyumba utakavyoingia vikupokee, na vinywa vilivyofungwa vifunguke mbele yako bila kuogopa. Usikose chakula, usikose rafiki, usikose njia ya kurudi. Na popote utakaposimama kusema, mwanangu, sisi tuko nyuma yako tumeketi, tukikunong'oneza neno ukikwama. Nenda, umetumwa.